Mvua na Giza Vinapokuja Pamoja: Kufunga na Kujaribu Pampu ya Akiba ya Betri Nyumbani

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini



Masika, ambayo katika ukanda wetu wa pwani huanza Machi na kuishia Mei, ni neema kwa mkulima. Kwa kaya zilizoko maeneo ya chini, msimu huo huo huja na adha ya maji kuingia ndani. Zipo nyumba zilizojengwa pembezoni mwa mabonde, ambako maji ya ardhini yako karibu na sakafu. Zipo nyingine ambazo zamani zilikuwa sawa na barabara, kisha barabara ikainuliwa kwa kifusi na nyumba ikabaki kama imo shimoni. Vipo pia vyumba, stoo na matangi yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi.

Katika nyumba za namna hiyo, wakazi wengi wamechimba shimo la kukusanyia maji kwenye kona iliyo chini kuliko nyingine, wakaweka ndani yake pampu ya kuzama inayojiwasha yenyewe kwa floti maji yanapopanda. Mpango huo ni mzuri, lakini una kasoro moja kubwa: pampu hutegemea umeme wa gridi. Mvua kubwa huja na upepo, radi, matawi yanayoangukia nyaya na nguzo zinazolala. Pale maji yanapozingira mitambo, umeme huzimwa kwa makusudi ili kuokoa maisha. Kwa hiyo saa ile pampu inapohitajika zaidi ndiyo saa inayoelekea zaidi kukosa umeme.

Somo la toleo hili linahusu dawa ya kasoro hiyo, yaani pampu ya pili, ya akiba, inayotumia betri. Tutaeleza namna ya kuichagua, kuifunga na, jambo ambalo wengi huliacha, namna ya kuijaribu. Pampu ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa kwa maji halisi, umeme ukiwa umezimwa, haipaswi kuhesabiwa kuwa ni akiba.

Kwanza, ujue adui yako: maji huingia kwa kasi gani?

Kabla ya kwenda dukani, pima. Siku ya mvua, au siku inayofuata, subiri pampu kuu ipunguze maji shimoni, kisha izime kwa muda. Tumia rula ndefu au kijiti chenye alama kuona maji yanapanda kiasi gani na kwa dakika ngapi. Shughuli hii ifanyike wewe ukiwapo, na pampu irudishwe mara tu unapomaliza.

Tuchukue mfano. Shimo lina upana wa sentimita 60 kwa 60. Maji yakipanda sentimita 10, zimeingia lita 36. Kama kupanda huko kumechukua dakika 3, basi maji yanaingia kwa kasi ya lita 12 kwa dakika, sawa na lita 720 kwa saa.

Lita 720 ni nyingi kiasi gani? Katika nyumba yenye sakafu ya mita za mraba 48, maji hayo yakiachwa kwa saa 6 za usiku huwa lita 4,320, ambazo zikitandazwa sakafuni hufikia kina cha sentimita 9. Kina hicho kinatosha kulowesha magodoro yaliyolazwa chini, magunia ya nafaka, madaftari ya watoto na, katika nyumba nyingine, kufikia soketi na nyaya za sabufa zilizo karibu na sakafu. Hapo hasara ya mali hugeuka kuwa hatari ya roho.

Chagua pampu inayoweza kutoa angalau mara mbili ya kasi uliyopima. Katika mfano wetu ni lita 1,440 kwa saa au zaidi. Tahadhari na namba iliyoandikwa kwenye boksi: mara nyingi ni kiasi kinachotolewa pampu ikiwa haiinui maji kwenda juu hata kidogo. Kadiri maji yanavyopandishwa ndivyo kiasi kinavyopungua, na bomba refu lenye kona nyingi hupunguza zaidi. Pima kimo kutoka chini ya shimo hadi bomba linapomwaga, kisha mwombe muuzaji akuonyeshe kwenye maelezo ya mtengenezaji pampu inatoa lita ngapi kwa kimo hicho.

Pili, betri: ukubwa na aina

Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Ikitumiwa kwa saa nyingi na kuisha mara kwa mara, hufa mapema. Kwa kazi hii nunua betri ya matumizi ya muda mrefu, ile ambayo mtaani tunaiita betri ya sola.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukubwa wa betri huandikwa kwa ampea-saa. Betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu ya uwezo wake, ili idumu. Betri ya ampea-saa 100, basi, ina ampea-saa 50 za kutumia. Pampu ya volti 12 inayovuta ampea 10 itafanya kazi mfululizo kwa saa 5. Lakini pampu haifanyi kazi mfululizo. Ikiwa ina uwezo wa kutoa maji mara tatu ya yanavyoingia, itafanya kazi theluthi moja tu ya muda, na betri hiyo itakuvusha saa 15. Huo ni usiku mzima na sehemu ya mchana unaofuata.

Wapo wanaouliza: kwa nini nisitumie inveta kuendeshea pampu yangu kuu? Inawezekana, ila kuna gharama yake. Pampu inayotumia wati 500 huvuta zaidi ya ampea 40 kutoka katika betri ya volti 12, na inveta yenyewe hula sehemu. Betri ile ile ya ampea-saa 100 itatosha kwa takriban saa moja tu ya kazi mfululizo. Isitoshe, pampu ya namna hiyo inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na inveta ndogo hujizima papo hapo. Tena ukibaki na pampu moja, ikiharibika mota huna ya pili.

Wengine huuliza kuhusu jenereta. Jenereta ni msaada, lakini inamhitaji mtu aamke, aone na aiwashe. Kamwe isiwashwe ndani ya nyumba, barazani palipozibwa wala karibu na dirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Betri za lithiamu nazo zinafaa, huweza kutumiwa kwa sehemu kubwa zaidi ya uwezo wake na hudumu miaka mingi zaidi. Bei yake ni kubwa, na ni lazima zipate chaja yake maalumu. Namba za volti tutakazotaja hapa chini ni za betri za asidi tu.

Tatu, kufunga hatua kwa hatua

Kazi yoyote inayogusa umeme wa gridi wa volti 230, zikiwemo soketi ya chaja na waya wa pampu kuu, ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwombe pia athibitishe kuwa saketi ya pampu ina kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampea 30. Kazi ya upande wa volti 12 unaweza kuifuata mwenyewe kwa utaratibu huu.

1. Safisha shimo. Zima umeme wa pampu kuu kwenye swichi yake, toa tope, mchanga na mifuko ya plastiki. Takataka ndogo tu inatosha kunasa floti.

2. Inua pampu. Weka pampu ya akiba juu ya tofali au jiwe bapa, isikae kwenye tope. Iwe pembeni ya pampu kuu, na floti za pampu hizo mbili zisigusane wala zisiguse ukuta.

3. Panga kimo cha floti. Pampu kuu ianze kwanza, ya akiba ifuate. Katika shimo lenye kina cha sentimita 80, kwa mfano, pampu kuu inaweza kuanza maji yakifika sentimita 30 na ya akiba sentimita 45. King'ora kiwekwe sentimita 60. Kwa kasi ya mfano wetu, maji hutoka sentimita 45 hadi kufikia sakafu kwa muda unaozidi dakika 10 kidogo. Muda huo hautoshi kumwamsha fundi, na ndiyo maana pampu hii inapaswa kujiwasha yenyewe.

4. Funga bomba lake peke yake. Ni bora pampu ya akiba iwe na bomba lake hadi nje. Ikilazimu kuunganisha kwenye bomba moja, kila pampu iwe na valvu ya njia moja, ile inayozuia maji yasirudi. Bila valvu hiyo pampu moja itasukuma maji yapitie nyenzake na kurudi shimoni. Toboa tundu dogo la milimita 3 hadi 5 kwenye bomba, kati ya pampu na valvu, likielekea chini shimoni, ili hewa iliyonaswa itoke. Pampu iliyonasa hewa huzunguka na kuunguruma lakini haitoi maji.

5. Weka betri mahali pa juu, pakavu, penye hewa. Rafu imara iliyo juu ya kimo ambacho maji yamewahi kufika inafaa. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, hivyo isiwe kabatini wala jikoni, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara au kuwasha kibiriti karibu. Vaa glovu na miwani. Asidi ikikumwagikia, suuza kwa maji mengi bila kuchelewa.

6. Unganisha nyaya. Tumia waya mnene wa shaba, milimita za mraba 4 hadi 6 kwa pampu ya ampea 10, na njia iwe fupi, maana waya mwembamba hula volti na kudhoofisha pampu. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Kwa pampu ya ampea 10, fyuzi ya ampea 15 inafaa, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine. Unapounganisha anza na chanya, malizia na hasi. Unapotenganisha anza na hasi. Paka vichwa vya betri mafuta mgando kuzuia kutu, hasa kwa sisi tunaoishi kwenye hewa ya chumvi.

7. Unganisha chaja. Iwe chaja ya kujiendesha, inayopunguza yenyewe betri ikijaa. Chaja ya gereji isiyojizima hukausha betri ikiachwa siku nyingi.

8. Funika shimo. Mfuniko imara huwakinga watoto, na wavu chini yake huwanyima mbu mahali pa kuzaliana.

Nne, kujaribu: sehemu isiyorukwa

Vifaa vingi vina taa ya kijani na kitufe cha kujaribia. Taa ile husema kuwa chaja inapata umeme, na kitufe husema kuwa mota inazunguka. Havisemi kama floti inapanda, kama valvu inafunguka, kama bomba limeziba kwa nje, wala kama betri itafika alfajiri. Majibu hayo hutolewa na maji.

Jaribio la kwanza, betri. Ondoa chaja, subiri saa chache, kisha pima kwa mita. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6 hadi 12.7. Ikisoma karibu na 12.2 imebaki nusu.

Jaribio la pili, kujiwasha. Zima pampu kuu kwenye swichi yake, ukiiga hali ya umeme kukatika. Mimina maji shimoni kwa ndoo, polepole, hadi floti ya akiba inyanyuke. Usiinyanyue floti kwa mkono, kwani unataka kujua kama maji yenyewe yanaweza. Pampu ianze kwa kimo ulichokipanga, na ijizime maji yakishuka.

Jaribio la tatu, kasi. Pampu ikiwa inafanya kazi, hesabu muda wa maji kushuka sentimita 20. Katika shimo letu la mfano hizo ni lita 72. Zikiondoka kwa dakika 2, pampu inatoa lita 36 kwa dakika, yaani lita 2,160 kwa saa, mara tatu ya maji yanayoingia. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya pampu yako, bila kujali boksi linasema nini.

Jaribio la nne, valvu na njia ya maji. Pampu ikizima, sikiliza na utazame. Maji yakirudi shimoni kwa wingi, valvu ni mbovu au imefungwa kinyume. Toka nje uone maji yanamwagika wapi, na kama hayarudi kuelekea msingi wa nyumba yako.

Jaribio la tano, uvumilivu. Elekeza mpira wa kutolea maji urudi shimoni ili maji yazunguke, chaja ikiwa imeondolewa, na uache pampu ifanye kazi saa 2. Pampu ya ampea 10 itakuwa imetumia ampea-saa 20. Acha betri itulie nusu saa, kisha pima. Betri nzima ya ampea-saa 100 inapaswa kusoma takriban 12.4 au zaidi. Ikiwa imeshuka chini ya 12.2, imechoka, na ni bora ulijue jambo hilo leo kuliko usiku wa mvua.

Jaribio la mwisho, kurudisha. Hili husahauliwa mno. Rudisha mpira wa kutolea maji mahali pake, rudisha chaja, washa swichi ya pampu kuu, kisha mimina maji tena uhakikishe kuwa pampu kuu nayo inajiwasha. Andika tarehe, volti na kasi kwenye kadi iliyobandikwa ukutani.

Fanya jaribio la pili na la nne kila mwezi wakati wa mvua. Majaribio yote sita yafanyike mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Betri ya asidi yenye vifuniko ikaguliwe maji yake kila mwezi, na yaongezwe maji ya betri ya chupa tu, si ya bomba wala ya kisima. Andika tarehe ya kununua juu ya betri. Nyingi za asidi hudumu kati ya miaka 3 na 5, na joto la pwani hupunguza muda huo.

Tano, maji haya yaende wapi?

Maji uliyoyatoa kwako yasiwe mafuriko ya jirani. Yaelekezwe kwenye mtaro wa maji ya mvua au sehemu ya kiwanja chako yanapoweza kuzama, mbali na msingi na mbali na kisima. Yasielekezwe katikati ya barabara, wala kwenye shimo la choo, ambalo likijaa litafurika na kusambaza uchafu kwa wote. Ni marufuku kutumia pampu hii kutapisha choo wakati wa mvua. Tabia hiyo ni kosa, na ni njia fupi ya kukaribisha kipindupindu mtaani. Kama mtaro wa barabara umeziba, toa taarifa kwa Mtendaji wa Mtaa au Kijiji ili ifikishwe TARURA.

Pampu pia ina mpaka wake. Inamudu maji yanayochuruzika na kupanda kutoka ardhini. Haimudu mto uliovunja kingo wala mkondo unaopita mlangoni. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 hayakuwa ya kushindana nayo kwa pampu ya nyumbani. Ikitolewa tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, au maji yakianza kuingia kwa mlango, waondoe watoto, wazee na wagonjwa kwenda mahali pa juu. Usiingie kwenye chumba chenye maji kabla umeme haujazimwa. Kwa dharura, piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Maswali ya kujipima

Je, unajua maji huingia kwako kwa lita ngapi kwa saa? Je, betri yako imekaa juu ya kimo ambacho maji yaliwahi kufika? Je, ni nani mwingine nyumbani, tofauti na wewe, anayejua swichi ilipo na namna ya kufanya jaribio la pili? Je, kadi ya ukutani inaonyesha tarehe ya mwaka huu?

Jibu likiwa hapana kwa swali hata moja, anza nalo wiki hii, kabla mawingu hayajakusanyika. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na kwa jambo hili tahadhari ni ndoo chache za maji na saa chache za mchana mmoja. Kwa ushauri kuhusu mifereji na usawa wa viwanja, fika ofisi ya Mtendaji wa Kata saa za kazi, nawe utaelekezwa kwa wataalamu wa Halmashauri.